Siku Moja ya Kliniki, Wiki Nane za Fildi

Mwaka wa pili nilipangiwa fildi Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, kwenye kampuni moja ya usafirishaji ambayo sitaitaja. Wiki nane. Kwa mtu wa Ngara kama mimi hiyo ilikuwa bahati. Makomredi wenzangu walitupwa Mtwara na Songwe, mimi nipo karibu na nyumbani, naweza hata kwenda kumsalimia bibi Rulenge mwisho wa wiki. Kazi yangu ilikuwa stoo: kupokea matairi, vilainishi na vipuri, kuandika kwenye leja, kulinganisha na stakabadhi.

Jumatano ya wiki ya pili nilikuwa na tarehe ya kliniki. Ni kliniki ninayohudhuria Ngara tangu utotoni, kwa sababu naishi na VVU tangu kuzaliwa. Sasa, Jumatano hiyohiyo msimamizi akatangaza kwamba tutahesabu mali yote ya stoo, na hakuna wa kukosa. Nikaenda kuomba ruhusa.

"Shikamoo, bosi. Naomba ruhusa keshokutwa."

"Marahaba. Kuna nini keshokutwa?"

"Tumepata msiba nyumbani."

"Pole. Nani kafariki?"

"Babu."

"Wiki iliyopita si uliniambia babu yako alifariki ukiwa mdogo, ukalelewa na bibi?"

Nikasema huyu ni babu mwingine, wa upande wa mama. Akaniangalia tu. Nikaona aibu, nikamwambia basi, nitabaki, ndugu watanielewa. Jumatano nikahesabu matairi.

Nilikuwa na vidonge sita vya akiba. Nikajiambia nitakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo kukawa na mzigo, iliyofuata kukawa na ukaguzi. Kila wiki ilikuja na sababu yake, na mwili ulikuwa haunidai chochote: sikohoi, sina homa, nakula vizuri. Mpaka siku bibi aliponipigia simu. "Mjukuu wangu, watu wa kliniki wamekuja hapa kukuulizia. Kwani dawa unazitoa wapi siku hizi?" Nilikosa jibu. Kesho yake nikapanda gari kwenda Ngara bila kuaga mtu. Nilikuwa nimekaa siku 26 bila dawa.

Nesi hakunigombeza. Alihesabu tarehe kwenye kadi, akanitoa damu ya kupima wingi wa virusi, akanipa dawa za mwezi mmoja tu. Kabla ya hapo nilikuwa nachukua za miezi sita. Majibu yalipokuja yalikuwa yamevuka nakala 1,000 kwa mililita, kwa hiyo nikaingizwa kwenye vikao vitatu vya ushauri, kimoja kila mwezi, halafu kipimo kirudiwe. Yaani nilikimbia siku moja ya kliniki ili nisionekane mtoro, nikaishia kuhitaji siku nne.

Mhariri amekubali jina langu lisiandikwe. Ninachotaka kueleza ni kitu ambacho sikukijua wakati ule, na nadhani wengi hapa kampasi hawakijui, wenye VVU na wasio nao: kwa kijana anayetumia dawa leo, virusi peke yake mara nyingi haviharibu kazi. Kazi inaharibiwa na tarehe ya kliniki na siri inayoizunguka. Vyote viwili vinaweza kupangwa.

Kwa nini tunaogopa kiasi hiki

UKIMWI ni kifupi cha Upungufu wa Kinga Mwilini. VVU vinashambulia seli za damu ziitwazo CD4, ambazo ndizo zinazoongoza ulinzi wa mwili. Zikishuka chini ya 200 kwa kila milimita moja ya ujazo wa damu, magonjwa ambayo mwili wenye kinga huyazuia, kama kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya fangasi, hupata mlango. Wapo pia watu wenye upungufu wa kinga usiotokana na virusi: waliozaliwa na kasoro kwenye kinga, wanaotibiwa saratani, waliopandikizwa figo. Mengi nitakayosema kuhusu ruhusa na bosi yanawahusu na wao.

Kwetu Kagera neno hili lina uzito wa pekee. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania waliripotiwa mkoani humu mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Wazee waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Kwa hiyo jina lake la mwanzo kwetu lilitoka sokoni. Lilihusu watu waliokuwa kazini, wenye fedha na safari, ambao baadaye walirudi kijijini wakiwa hawawezi kushika jembe.

Ngara na Biharamulo nazo ni wilaya za barabara. Malori yanayopanda kutoka Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita Nyakanazi na Lusahunga, na kutoka Lusahunga hadi mpaka wa Rusumo ni zaidi ya kilomita 90. Mwaka 1994 wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kujaza Benaco. Mahali penye watu wengi wanaopita, huduma ya afya hulazimika kukimbizana nao.

Nilizaliwa mwaka 2003. Serikali ilianza kugawa ARV bure mwaka 2004. Mama hakuziwahi; mimi niliziwahi. Ndiyo maana mtu wa umri wa bosi wangu akisikia "VVU" anamwona mtu aliyelala kwenye mkeka, na mimi nikisikia neno hilohilo naona kidonge kimoja na glasi ya maji. Tunatumia neno moja, lakini kila mmoja ana picha yake kichwani. Tulipokuwa tunaongea habari za babu, nilikuwa naogopa picha iliyo kichwani mwake.

Mwili unaweza kazi

Tangu mwaka 2019 dawa inayotumika zaidi nchini kwa watu wazima ni TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofovia, lamivudini na dolutegravia. Kabla yake wengi walitumia mchanganyiko wenye efavirenzi, ambayo iliwapa baadhi ya watu kizunguzungu na ndoto mbaya, ikabidi imezwe usiku kabla ya kulala. Fikiria mlinzi wa usiku au dereva wa lori mwenye dawa hiyo. Kwa TLD unachagua saa inayoendana na kazi yako. Ikikukosesha usingizi, ongea na kliniki uhamie asubuhi. Jambo la msingi ni saa hiyo isiyumbe.

Ukisahau, meza mara unapokumbuka. Ikiwa zimebaki chini ya saa nne kufikia kidonge kinachofuata, ruka hicho ulichosahau uendelee na ratiba. Usimeze viwili kwa mpigo kufidia.

Kuna mambo matatu ambayo mtu wa kazini anapaswa kuyajua. La kwanza ni dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini. Wengi wetu tunazitafuna kama pipi kwa sababu ya chakula cha mgahawani. Hizo hushikana na dolutegravia tumboni na kuipunguza nguvu. Meza TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu navyo vina tatizo hilo, kwa hiyo mjulishe mfamasia.

La pili ni kifua kikuu. Biharamulo kuna dhahabu, na vijana wengi hupata kibarua kwenye machimbo madogo. Vumbi la mwamba lina silika, nayo huumiza mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu hata kwa mtu mwenye kinga kamili. Ukichanganya silika na VVU, hatari inapanda zaidi. Kama una uchaguzi, chukua kazi ya mizani, hesabu au usafirishaji badala ya kuchoronga na kusaga mawe. Kama huna, dai barakoa ya vumbi na mwamba umwagiwe maji wakati wa kuchoronga, na uliza kliniki kuhusu dawa za kukinga kifua kikuu. Ukikohoa wiki mbili, hata kabla hazijatimia, kapime. Na ukianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, dolutegravia huongezwa iwe mara mbili kwa siku, kwa hiyo usifiche dawa moja unapofuata nyingine.

La tatu ni kipimo chenyewe. Anayeanza dawa hupimwa wingi wa virusi baada ya miezi 6, tena kwenye mwezi wa 12, kisha kila mwaka akiwa vizuri. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, na kwamba kati ya waliojua hali zao na kutumia dawa, zaidi ya 9 kwa kila 10 walikuwa wamefubaza virusi. Mtu ambaye virusi vyake havigunduliki haambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Shirika la Afya Duniani lililieleza hilo waziwazi mwaka 2023. Kuhusu kikombe cha ofisini, kiti, koleo na choo, hata asiyetumia dawa haambukizi kwa vitu hivyo.

Tarehe inapangika

Hapa ndipo nilipofeli. Nilidhani tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni kama tarehe ya mtihani, ukikosa umekosa. Kumbe inawezekana kuisogeza, ila unaisogeza kabla haijafika.

Anayetumia dawa vizuri anaweza kupewa za miezi mitatu, na baadhi hadi sita. Maana yake ni siku mbili au nne za kliniki kwa mwaka mzima. Hakuna kazi inayoshindwa kuvumilia siku nne. Lakini ukikosa na virusi vikapanda, unarudi kwenye mahudhurio ya kila mwezi, tena katika kipindi ambacho unahitaji kuonekana kazini. Ukitoroka kliniki ili kulinda kazi, kazi inaumia zaidi.

Kwa hiyo barua ya fildi au ya kazi ikitoka, kabla hujatafuta chumba, hesabu vidonge. Tarehe yako ikiangukia katikati ya wiki zile, nenda kliniki mapema ueleze: "Naenda Biharamulo wiki nane, tarehe yangu inaniangukia huko." Wana njia kadhaa. Wanaweza kukupa dawa za kutosha kabla hujaondoka. Ukiwa umeshafika, unaweza kwenda na kadi yako ya kliniki kwenye kituo cha tiba na matunzo kilicho karibu, ukahudumiwa kama msafiri. Na kama unahamia kwa muda mrefu, omba barua ya uhamisho. Kadi hiyo ina namba yako ya pekee inayotambulisha mkoa, wilaya na kituo ulikoandikishwa. Mimi nilikuwa nimeiacha Rulenge, chini ya godoro la bibi, nikiogopa mwenzangu wa chumbani asiione. Piga picha ile namba au iandike mahali unapopajua wewe. Bila namba, kila kituo kitalazimika kuanza upya kukuuliza.

Na uwe na akiba. Dawa za wiki mbili zaidi ya tarehe zinakuokoa gari likiharibika, daraja likikatika, au foleni ikiwa ndefu. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, wengi wetu tulijifunza kwamba huduma tuliyoizoea inaweza kutikiswa na uamuzi uliofanywa mbali sana. Tangu hapo sisubiri kidonge cha mwisho.

Bosi aambiwe nini?

Swali ninaloulizwa na wachache wanaojua ni hili: mbona hukusema ukweli tu? Kwa sababu nilidhani kuna njia mbili, kusema kila kitu au kudanganya. Ipo ya tatu. Bosi anahitaji kujua utakosekana lini, utarudi lini, na kazi yako itafanywaje. Jina la ugonjwa halimo kwenye mambo hayo.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya VVU na UKIMWI, na katazo hilo linagusa pia matangazo ya kazi na namna ya kuchagua waombaji. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inasema upimaji ni wa hiari, isipokuwa katika mazingira machache kama amri ya mahakama au kutoa kiungo cha mwili, na inalinda siri ya majibu. Mwajiri anaweza kutaka cheti kwamba una afya ya kuifanya kazi. Akitaka majibu yako ya VVU, hilo ni jambo lingine, na una haki ya kuuliza anayataka kwa sheria ipi.

Mfanyakazi anastahili siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, akiwasilisha cheti cha daktari. Likizo ya mwaka ni siku 28. Lakini soma hapa vizuri wewe unayehitimu mwaka huu: kwa kawaida haki ya likizo zenye malipo huanza baada ya miezi sita kazini, na ndani ya miezi hiyohiyo sita kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki bado haijakufikia. Katazo la ubaguzi linakulinda tangu siku ya kwanza, ila ubaguzi una kazi ya kuthibitisha. Kwa hiyo miezi sita ya mwanzo ndiyo ya kujipanga zaidi: ingia nayo ukiwa na dawa za kutosha, ili usihitaji ruhusa hata moja kama inawezekana.

Ukiona umeachishwa kwa sababu ya hali yako, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa migogoro mingine ni siku 60. Ofisi ya Kagera iko Bukoba, na kutoka Ngara hiyo ni safari. Usiimalize wiki tatu ya kwanza kwa kulia tu. Tunza barua, jumbe za simu na majina ya waliokuwepo. Kwa watumishi wa umma kuna mwongozo wa mwaka 2014 wa VVU, UKIMWI na magonjwa sugu mahali pa kazi, na anayeamua kujiweka wazi kwa mwajiri hupata msaada kupitia huo. Wilayani pia kuna Konga, mtandao wa watu wanaoishi na VVU. Wale wazee na mama zetu wanajua ofisi gani ina watu wa kusikiliza.

Mwanafunzi wa fildi si mwajiriwa, kwa hiyo likizo hizo hazimhusu. Anachoweza kutegemea ni makubaliano, na makubaliano hufanywa wiki ya kwanza, kabla ya tatizo.

Kuhusu kujiweka wazi kabisa, sitakushauri useme wala usiseme. Nawajua waliosema wakapata ndugu kazini, nawajua waliosema wakatafutiwa sababu nyingine ya kuondolewa. Ukiamua kusema, chagua mtu mmoja, na umwambie unataka afanye nini na habari hiyo. Ukiamua kutosema, basi usiseme. Tofauti ya kunyamaza na kudanganya ni kwamba ukinyamaza huna cha kukumbuka. Mimi nilikuwa na mababu wawili marehemu wa kukumbuka, na hata hao walinishinda.

Fildi ya pili

Mwaka wa tatu nilirudi upande uleule wa nchi, safari hii Ngara, ofisi nyingine, karibu na mpaka wa Kabanga. Kipimo changu kilikuwa kimesharudi chini, lakini nilikuwa bado napewa dawa za miezi mitatu, na tarehe iliangukia wiki ya tano. Siku ya tatu ya fildi nikabisha hodi kwa msimamizi, mama mmoja mkali kidogo.

"Shikamoo mama. Nina jambo dogo la ratiba."

"Marahaba, kaa."

"Nina kliniki ya kudumu. Ni siku moja tu, Alhamisi ya wiki ya tano. Nitaleta karatasi ya mahudhurio, na Jumamosi yake nitaingia kufidia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali. Usiku mzima nilikuwa narudia jibu: ni suala la afya ambalo naomba nibaki nalo, lakini kazi haitalala. Mikono ilikuwa inatoka jasho.

Akavuta kalenda ya mezani, akazungushia ile Alhamisi kalamu nyekundu. "Jumamosi hatufungui," akasema. "Siku ya kliniki yako tutakuwa na ripoti ya mwezi. Unaweza kuniletea sehemu yako Jumatano jioni?"

Nikasema naweza. Jumatano jioni nikamletea.